Wizi umetokea angani: shauri linafunguliwa nchi ya nani?

Mchumbageni (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, naleta kwenu jambo ambalo limetusumbua hapa nyumbani Chumbageni kwa wiki ya tatu sasa, na naomba wenye elimu ya sheria wanisaidie kabla sijatumia nauli ya basi bure kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa akifanya kazi za ndani Muscat kwa miaka miwili. Aliporejea alibadilisha ndege katika mji mwingine wa Ghuba, na ndege ya pili, ambayo ndiyo iliyomleta nchini, ilikuwa ya kampuni ya kigeni. Akiba yake ya mwisho, riali 640 za Oman, ilikuwa ndani ya bahasha iliyoandikwa jina lake kwa mkono wa mwajiri wake. Bahasha ilikuwa ndani ya begi dogo, na begi lilikuwa kwenye kabati la juu ya viti. Baada ya chakula alilala. Alipoamshwa na tangazo la kufunga mikanda, alimwona abiria wa kiti cha jirani akilirudisha begi lile kabatini, na bwana yule akamweleza kwa upole kwamba lilikuwa limeangukia la kwake. Binti hakushuku kitu. Wakatua, wakasimama mstari mmoja wa uhamiaji, wakaachana. Aligundua kwamba bahasha haipo wakati akisubiri sanduku lake kubwa.

Ofisa aliyempokea alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kwamba tukio halikutokea Tanzania, kwamba ndege ile ni ya watu, na kwamba aende akalalamike kwa wenye ndege. Hakupewa RB, ile namba ya polisi ya kuthibitisha kwamba ameripoti. Kampuni nayo ilijibu kwa mistari miwili kwamba mzigo wa mkononi ni dhamana ya abiria mwenyewe.

Swali langu ni hili. Mtu akiiba angani, ni nchi gani yenye mamlaka ya kumshitaki? Na je, inawezekana kweli pakawapo mahali ambapo wizi hauna mwenyewe, kwa sababu tu umefanyika futi 35,000 juu ya bahari?

Kaka wa Pangani

Mpe pole sana binti yetu. Kwa ufahamu wangu, ofisa huyo alikosea. Ndege zote zinazotoka Ghuba huanza kuzungumza na waongoza ndege wa Dar es Salaam zikiwa bado mbali baharini, na mara nyingi zinateremka zikipita karibu na hapa kwetu Tanga. Anga tunayoiongoza ni anga yetu, kwa hiyo wizi umetokea Tanzania.

WakiliNgamiani

Naomba nianze kwa kumrekebisha kaka wa Pangani, kwa heshima, kwa sababu kosa lake ni la watu wengi. Kuongoza ndege ni huduma ya usalama ambayo nchi hugawana kwa makubaliano. Kwa miaka mingi anga ya juu ya Rwanda na Burundi imeongozwa kutoka Dar es Salaam, wala hakuna aliyewahi kudai kwamba mtu aliyeiba juu ya Kigali apandishwe kizimbani katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Anga yetu, kwa maana ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ni ile iliyo juu ya ardhi yetu na juu ya bahari yetu ya kitaifa, ambayo inaishia maili 12 za baharini. Ukivuka hapo, samaki wanaweza kuwa wetu hadi maili 200, lakini hewa iliyo juu yao haina mwenyewe.

Sasa nirudi kwa mwanzisha uzi, ambaye swali lake la pili ndilo zito zaidi, ingawa ameliuliza kwa hasira. Je, panaweza kuwapo mahali ambapo kosa halina mwenyewe? Jibu ni kwamba palikuwapo, na mahakama ililazimika kukiri hivyo. Mwaka 1948 ndege ya Kimarekani ilikuwa ikitoka San Juan, Puerto Rico, kwenda New York. Abiria wawili waliokuwa wamelewa walianza kupigana nyuma ya ndege, abiria wengine wakakimbilia huko kutazama, na uzito ukahamia mkiani kiasi kwamba ndege ikaanza kuinua pua. Rubani alipokwenda kuamua ugomvi, mmoja wao, Cordova, alimng'ata begani na kumpiga mhudumu. Shauri lilifika mbele ya jaji, na mwaka 1950 jaji akasema wazi kwamba ushahidi unathibitisha shambulio, ila hawezi kutoa hukumu. Sheria ya Marekani iliyokuwapo ilizungumzia makosa ndani ya chombo cha majini kilicho katika bahari kuu. Ndege si chombo cha majini, na kuwa juu ya bahari si kuwa ndani ya bahari. Mtu akaenda zake. Bunge la Marekani lilikuja kuziba tundu hilo mwaka 1952.

Sisi watu wa pwani tulilijua jibu kabla ya majaji. Jahazi lina bendera, na nahodha wake anajua ni kwa nani atawajibika likiwa katikati ya bahari. Dunia iliamua kuitendea ndege vivyo hivyo. Kila ndege ina uraia wa nchi iliyoisajili, nao ni mmoja tu, na uraia huo umeandikwa ubavuni: zetu huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, ambao nchi zaidi ya 180 zimeuridhia, unasema kwamba nchi ya usajili ndiyo yenye mamlaka juu ya makosa yanayotendwa ndani ya ndege, popote ilipo angani, hata juu ya bahari kuu ambako hakuna dola. Kwa hiyo ofisa yule hakusema uongo aliposema kwamba nchi yenye ndege ina mamlaka. Kosa lake ni kudhani kwamba mamlaka hayo ni ya nchi hiyo peke yake. Mkataba wenyewe unasema kwamba hauondoi mamlaka yoyote ambayo nchi nyingine inayo kwa sheria zake, na unaziruhusu nchi nyingine kuingilia hata ndege ikiwa bado angani endapo, kwa mfano, kosa limetendwa na raia wao au dhidi ya raia wao, au linagusa usalama wao.

Hapa ndipo wengi hushangilia mapema, kwa hiyo naomba subira. Mkataba kuruhusu ni jambo moja, na sheria ya ndani kuipokea ruhusa hiyo ni jambo jingine. Hakimu wa Tanzania hafungui Mkataba wa Tokyo kutafuta mamlaka yake; anafungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 6. Kifungu hicho kinampa makosa yaliyotendwa ndani ya Tanzania Bara pamoja na bahari yake ya kitaifa, makosa yaliyotendwa na raia wa Tanzania mahali popote nje, na makosa yaliyotendwa na mtu yeyote ndani ya ndege iliyosajiliwa Tanzania. Soma tena utaona kilichokosekana. Kosa lililotendwa *na* raia wetu limo. Kosa lililotendwa *dhidi ya* raia wetu, na mgeni, ndani ya ndege ya kigeni, juu ya bahari kuu, halimo. Uraia wa mpwa wako peke yake haumfikishi mahakamani.

Hata hivyo, sijamaliza, na nitarudi jioni. Kuna mlango mwingine ambao sijaona mtu akiutaja.

Mhudumu Mstaafu

Nilifanya kazi ndani ya ndege kwa miaka kumi na mitatu kabla ya kurudi Tanga kulima machungwa Muheza, na ninaomba kuongeza yale ambayo mawakili huyaona kwenye makaratasi na sisi tuliyaona kwenye ujia.

Mlango wa ndege ukishafungwa, rubani mkuu anakuwa na madaraka ambayo abiria wengi hawayafahamu. Mkataba wa Tokyo unahesabu kwamba, kwa ajili ya madaraka hayo, ndege iko safarini tangu milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kuingia hadi mlango mmojawapo utakapofunguliwa ili washuke. Katika muda huo rubani anaweza kuamuru mtu afungwe pingu. Anaweza kuwaagiza wahudumu wamsaidie, na anaweza kuwaomba abiria wasaidie, lakini hana uwezo wa kuwalazimisha abiria. Anaweza kumteremsha mtu katika nchi yoyote atakayotua. Na kama anaamini kwa sababu za msingi kwamba kosa ni kubwa kwa mujibu wa sheria za nchi iliyosajili ndege, anaweza kumkabidhi mtu huyo kwa polisi wa nchi anayotua, nao wanapaswa kumpokea na kufanya uchunguzi wa awali. Akitenda haya kwa kufuata mkataba, hawezi kushitakiwa na mtu aliyemfunga.

Sasa zingatieni neno *mlango*. Madaraka yote hayo yanaanza kuyeyuka pale mlango unapofunguliwa. Kama binti angemwambia mhudumu kabla ya kutua, rubani angeliita polisi kwa redio, abiria wangeambiwa wabaki vitini, na bwana yule angepekuliwa bahasha ikiwa bado mfukoni mwake. Simlaumu, alikuwa hajajua. Ninaeleza tu kwa nini jambo lake limekuwa gumu.

Mengi tuliyoyaripoti yaliishia hewani kwa namna nyingine pia. Mlevi amempiga mwenzangu, tumemfunga, tumetua, polisi wamekuja, wamemchukua. Saa moja baadaye sisi mashahidi tunatakiwa kuirudisha ndege tulikotoka, abiria waliokaa karibu wamekwisha kupanda teksi, na polisi wamebaki na mtu mmoja aliyelala pamoja na karatasi yetu. Asubuhi mwendesha mashtaka anatazama usajili wa ndege, anakuta ni wa nchi ya tatu kabisa, anafunga jalada. Nasema nchi ya tatu kwa sababu ndege nyingi ni za kukodi: rangi na nembo ni za kampuni ya nchi hii, lakini herufi za ubavuni ni za Ireland au Bermuda, ambako hakuna hata mmoja wa waliokuwamo aliyewahi kufika. Kwa Mkataba wa Tokyo, ugomvi wa ndani ya ndege hiyo ni wa Ireland. Ireland watajua nini kuhusu ugomvi huo, na watampata wapi shahidi?

Kwa sababu hiyo ilipitishwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, ambayo inazipa mamlaka pia nchi ambamo ndege imetua mtuhumiwa akiwa bado ndani, na nchi ya kampuni inayoiendesha. Lakini itifaki hiyo inazifunga nchi zilizoiridhia tu, na hata hizo hazijafika idadi ya nchi za Tokyo, wala karibu yake.

Fundi wa Makorora

Mhudumu, kwa maelezo yako ni bora mtu aibe ndege nzima kuliko kuiba bahasha. Wanaoteka ndege nasikia hukamatwa kila mahali.

Mzee wa Raskazoni

Kijana wangu wa Makorora amesema kwa utani jambo la kweli, na sisi Watanzania tuna mfano wetu wenyewe ambao vijana wengi hawaufahamu.

Mwishoni mwa Februari 1982, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania, Boeing 737, ilitekwa ikiwa katika safari ya ndani kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Watekaji walikuwa vijana wa Kitanzania waliokuwa wakidai kwamba Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ndege ikapelekwa Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwisho ikatua Stansted, Uingereza, ambako walijisalimisha. Nilikuwa mwalimu wa sekondari wakati huo, na nakumbuka tulivyoizunguka redio ofisini siku hizo, masomo yakajisomea yenyewe.

Hebu lipimeni jambo hilo kwa mizani ya wakili wetu. Ndege ni ya Tanzania, watekaji ni Watanzania, wengi wa waliotekwa ni Watanzania, madai yao ni ya siasa za Tanzania, na kosa limeanza katika anga ya Tanzania. Kama kuna shauri ambalo lilipaswa kuwa letu, ni lile. Lakini walioshitakiwa walishitakiwa Uingereza, wakahukumiwa huko kwa sheria ya Uingereza dhidi ya utekaji ndege ya mwaka 1971, na wakafungwa huko.

Sababu ni Mkataba wa The Hague wa mwaka 1970. Mkataba huo haukuridhika na kusema nani *anaweza* kushitaki. Unaitaka nchi ambayo ndege iliyotekwa imetua pamoja na mtekaji iwe na mamlaka juu yake, na unaiambia kila nchi iliyompata mtekaji kwamba ama imrejeshe kwa wanaomdai, ama ilifikishe shauri lake kwa wenye kushitaki, bila kisingizio. Utasema safari ya Mwanza na Dar es Salaam ni ya ndani, mkataba wa kimataifa unaingiaje? Walioutunga waliliona hilo. Mkataba unatumika endapo mahali ndege ilipopaa au ilipotua *kwa kweli* ni nje ya nchi ya usajili, hata kama tiketi za abiria ziliandikwa mji wa ndani. Magurudumu yalipogusa Nairobi, safari ya ndani ikawa jambo la dunia.

Kwa hiyo Kenya, Saudia, Ugiriki na Uingereza zote ziligeuka kuwa viwanja vya kutua katika shauri la Kitanzania. Aliyeshitaki ni yule ambaye mtuhumiwa alibaki mikononi mwake. Naona tofauti ya mikataba hii miwili iko hapo tu: wa The Hague una lazima ndani yake, na wa Tokyo, kwa wizi na ngumi, una ruhusa.

WakiliNgamiani

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri kuliko nilivyofundishwa chuoni. Nitaongeza neno moja tu: Mkataba wa Montreal wa mwaka 1971, unaohusu kulipua na kuharibu ndege, una lazima hiyohiyo, na Libya iliutumia mkataba huo kujitetea baada ya ndege kulipuliwa juu ya Lockerbie, Uskoti, mwaka 1988. Libya ilisema kwamba mkataba unairuhusu kuwashitaki raia wake yenyewe badala ya kuwapeleka Uskoti au Marekani, na ikazishitaki Uingereza na Marekani katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1992. Mwisho wake majaji wa Uskoti walisikiliza shauri kwa sheria ya Uskoti ndani ya kambi moja nchini Uholanzi, na mwaka 2001 wakamtia hatiani mmoja wa washitakiwa wawili. Lazima ya kushitaki haimalizi ugomvi wa nani ashitaki.

Sasa mlango nilioahidi. Tuchukulie hali mbaya kuliko zote kwa mpwa wa Mchumbageni: mwizi ni mgeni, ndege ni ya kigeni, na bahasha ilitolewa begini juu ya bahari kuu. Kwa kifungu cha 6 wizi wenyewe umetuponyoka. Lakini bwana yule hakuishi angani. Alishuka, akapita uhamiaji, akatoka nje ya uwanja akiwa na bahasha mfukoni, na hapo alikuwa amesimama Tanzania Bara kwa miguu yake miwili. Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kupatikana na mali ambayo imeibwa *nje* ya Tanzania, kama mtu anajua kwamba imeibwa na kama kuichukua huko kungelikuwa kosa lau kungetendeka hapa. Kosa hilo halijali ndege ilisajiliwa wapi, wala ilikuwa juu ya bahari gani, wala saa ngapi binti alilala. Lilianza kuwa letu mara mwizi alipokanyaga chini nayo.

Kwa hiyo kauli kwamba "tukio halikutokea Tanzania" ilihitaji uchunguzi kabla ya kutamkwa, na binti alistahili RB yake siku ileile. Ugumu wa shauri hili ni wa ushahidi. Riali hazina jina, bahasha ndiyo yenye jina, na mwizi mwenye akili huitupa bahasha kwenye pipa la kwanza.

Mpemba wa Duga

Nimefuatilia uzi huu nikiwa na swali la karibu zaidi. Mimi huenda kwetu Chake Chake kwa zile ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wetu wa hapa Tanga. Safari ni fupi mno, abiria hatuzidi kumi na wachache, na tunakaa magoti yamegusana. Mtu akinichomoa simu katikati ya mkondo wa Pemba, shauri ni la Tanga au la Pemba? Bara na Zanzibar zina sheria mbili za jinai.

WakiliNgamiani

Swali zuri, ahsante. Kanuni ya Adhabu ya Sura ya 16 ni ya Bara, na Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu ya mwaka 2018, kwa sababu jinai ya kawaida haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Lakini usafiri wa anga umo, na polisi wamo. Ndege yako ni 5H, na 5H ni usajili wa Jamhuri ya Muungano. Hakuna rejista ya ndege ya Zanzibar, ingawa, ukitaka kustaajabu, meli za kimataifa zina rejista ya Zanzibar. Kwa kuwa ndege imesajiliwa Tanzania, kifungu cha 6 kinaifikia popote ilipo kati ya Tanga na Pemba, na hakimu wa Tanga hahitaji kupima maji yaliyo chini yake. Aidha, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina kanuni ya zamani ya kosa lililotendwa safarini, kwamba linaweza kusikilizwa na mahakama yoyote ambayo msafiri alipita katika eneo lake, kwa hiyo hata ubishi wa wilaya gani hauna nguvu. Na kama mwizi wako ameshuka Pemba na simu mkononi, mahakama ya huko nayo haitakosa la kumwambia. Polisi ni walewale wa jeshi moja. Ripoti pale utakapotua.

Mpemba wa Duga

Ahsante sana. Nitashika simu yangu mkononi.

Binti Korogwe

Nimesoma kila kitu mara mbili, na nadhani mmelitazama anga muda mrefu mno. Mchumbageni ameandika mwanzoni kabisa kwamba walisimama mstari mmoja wa uhamiaji. Mpwa wake ni Mtanzania. Mstari ule ulikuwa wa nani?

WakiliNgamiani

Dada Korogwe, nimeona haya. Nimeandika kurasa mbili kuhusu bahari kuu na sikuuliza swali hilo. Kama bwana yule ni raia wa Tanzania, kifungu cha 6 kinamshika popote alipoibia, iwe ni juu ya Somalia au juu ya mwezi, na kila nilichokisema kuhusu usajili kinakuwa cha kupamba uzi. Mchumbageni, tafadhali muulize.

Mchumbageni (mwanzisha uzi)

Nimemuuliza sasa hivi. Yuko hapa jikoni na mama yake. Anasema ulikuwa mstari wa raia, ila anakumbuka kibao kilitaja pia Afrika Mashariki. Anasema bwana yule alipokea simu wakiwa kwenye mstari na alizungumza Kidigo, na ndiyo maana hakumwogopa, alijua ni mtu wa nyumbani.

Kaka wa Pangani

Basi ni wetu. Mdigo ni wa Tanga.

Fundi wa Makorora

Kaka, mimi ni Mdigo, na nusu ya ukoo wangu wako ng'ambo ya Horohoro, kuanzia Lunga Lunga hadi Kwale, na wana pasipoti za Kenya. Kidigo hakina uraia.

WakiliNgamiani

Fundi yuko sahihi, na mahakama haitakubali lugha kuwa ushahidi wa uraia. Lakini hatuhitaji kubahatisha. Kampuni ya ndege ina orodha ya abiria, na katika safari ya kimataifa orodha hiyo huonyesha namba ya kiti, jina, na pasipoti ni ya nchi gani. Kampuni haitampa Mchumbageni orodha hiyo, wala haipaswi. Itampa mpelelezi atakayeiomba rasmi. Ili mpelelezi aiombe anahitaji namba ya safari, tarehe, na kiti alichokalia binti, ili kile cha jirani kijulikane bila ubishi. Kumbukumbu za uhamiaji nazo zitaonyesha waliogongewa muhuri mfululizo na binti. Je, alikitunza kile kipande cha kupandia ndege? Watu wengi hukitupa uwanjani.

Mhudumu Mstaafu

Na kama alikitupa, atafute barua pepe ya tiketi. Kiti kinaweza kuwamo. Pia aandike leo, kwa mkono wake, kila anachokikumbuka: saa ya chakula, saa ya tangazo, maneno ya bwana yule. Akisubiri ataanza kukumbuka yetu badala ya yake.

Mchumbageni (mwanzisha uzi)

Alikitumia kama alama ndani ya msahafu wake. Anacho. Kiti chake ni 31B, cha katikati. Yule bwana alikuwa upande wa ujia, 31C. Nimempa daftari na kalamu, na tumekubaliana kuondoka na basi la alfajiri Jumatatu. Wakili, naomba uniandikie hicho kifungu cha mali iliyoibwa nje kwa maneno mepesi, nikisome mwenyewe mbele ya dawati nikiambiwa tena kwamba ndege ni ya watu.

WakiliNgamiani

Nimekutumia faraghani. Jumatatu nina shauri Mahakama Kuu hapa Tanga hadi saa sita mchana. Baada ya hapo simu yangu iko wazi, na mpe ofisa namba yangu akitaka kubishana.